KIWANJA CHA MAYATIMA WAWILI



Ndugu yangu katika imani, unajua Msikiti wa Mtume (s.a.w.) kule Madina ulijengwa kwenye kiwanja cha nani?

Mwaka 622, Mtume alipohamia Madina, ngamia wake alipiga magoti mahali palipokuwa pakianikwa tende. Palikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl, waliokuwa chini ya malezi ya As'ad bin Zurara. Mtume akawaita, akataka kununua. Wakajibu kwamba wanampa bure. Imepokewa na Bukhari kuwa alikataa zawadi ile mpaka akakinunua kiwanja.

Hebu tafakari. Kinachojengwa ni msikiti, mnunuzi ni Mtume, na watoto wenyewe wameridhia. Bado bei ikalipwa!

Wanazuoni wamefafanua: asiyebaleghe na asiye na akili timamu hawezi kugawa mali yake, wala walii wake hawezi kuigawa kwa niaba yake. Nyumba au kiwanja chake huuzwa kwa haja ya kweli, kama chakula na matibabu, au kwa faida iliyo wazi kwake, tena kwa bei isiyompunja.

Sasa wewe baba mdogo, uliyeachiwa nyumba ya marehemu kaka yako: "watoto wamekubali" si hoja. Soma Suratun Nisaa, aya ya 6 na ya 10. Anayekula mali ya yatima kwa dhulma anakula moto.

Allah atulinde na amana tusizoziweza. Aamiin.