Mtwa Adam Sapi: Kutoka Kalenga hadi Kiti cha Spika

Tarehe 19 Juni 2024 ilitimia miaka 70 tangu fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliporejeshwa Kalenga, karibu na mji wa Iringa, lakini kumbukumbu zimelemea upande wa shujaa huyo wa vita vya Lugalo kiasi kwamba mjukuu wake aliyelipokea, Adam Sapi Mkwawa, hutajwa kwa kupita tu.

Wajerumani walikuwa wamekivunja kiti cha Mtwa, yaani mtawala mkuu wa Wahehe, ilhali kwa jirani, huko Usangu, waliurudisha ukoo wa Merere, mahasimu wa Mkwawa. Waingereza waligeuza mambo mwaka 1926 kwa sheria ya kutawala kupitia machifu, ambapo Sapi, mwana wa Mkwawa, alikalishwa kitini, naye Adam akamrithi mwaka 1940. Mwanaanthropolojia Gordon Brown na bwana shauri Bruce Hutt, katika kitabu chao cha 1935 kuhusu Uhehe, wanasisitiza jinsi mila ilivyoubeba utawala huo wa Mtwa na wazagila, yaani watawala wa maeneo waliokuwa chini yake. Hata hivyo mila haikuzuia badiliko kubwa, kwani mrithi wa mtu aliyegawa ng'ombe wa vita sasa alingoja mshahara.

Fuvu lenyewe, lililochukuliwa na Wajerumani, lilidaiwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kilichoipa Ujerumani miezi sita tu kulikabidhi. Ilipita miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen mwaka 1953, akalichagua kati ya mafuvu mengi kwa kulinganisha uwiano wa upana na urefu wake na vipimo vya vichwa vya ukoo wa Mkwawa, njia ambayo hadi leo inaacha shaka. Twining alihitaji machifu wenye shukrani, na sherehe ya Kalenga ilimfaa sana, ila siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU, chama cha kudai uhuru, ikazaliwa Dar es Salaam.

Adam Sapi hakuzama na Waingereza waliomwajiri. Alikuwa Spika wa Bunge kuanzia 1962 hadi 1973, kisha 1975 hadi 1994, na alifariki mwaka 1999. Sheria ya 1963 iliyofuta mamlaka ya machifu ilipitishwa na Bunge ambalo Spika wake alikuwa Mtwa wa Uhehe.