Foleni Kabla ya Foleni

Jogoo Road haikuzaliwa na jina hilo. Zamani iliitwa Doonholm Road, ikielekea Doonholm, shamba la maziwa la mzungu. Shamba limekuwa Donholm yetu: magorofa, stejini zenye kelele, mathree zikiita abiria. Lakini swali la nani atapita barabara hii kwenda kutibiwa halijahama.

Kwa mkoloni, kizuizi kilikuwa rangi ya ngozi. Mwafrika alikuwa na Native Civil Hospital ya 1901, ambayo leo ni Kenyatta. Wazungu wakajengewa yao, ikafunguliwa 1954. Ndiyo hii Nairobi Hospital.

Baada ya uhuru, mwaka 1965, serikali ilifuta ada ya matibabu. Desemba 1989 ada ikarudi kwa jina tamu, kuchangia gharama. Watafiti walihesabu wagonjwa katika kliniki moja ya magonjwa ya zinaa hapa Nairobi. Ndani ya miezi tisa ya ada, wanaume walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, wanawake hadi asilimia 65. Ugonjwa haukuwa umepona. Watu walibaki nao nyumbani kwa sababu ya doo.

Ada ilisimamishwa 1990, kisha ikarejeshwa hatua kwa hatua. Mwaka 2004 ikapunguzwa: shilingi 10 kwa zahanati, 20 kwa kituo cha afya.

Kuingia ni shida moja, kutoka ni nyingine. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani, hospitali ya uzazi iliyozalisha nusu ya majirani zako, kwa sababu ya bili. Mahakama ilisema haki zao zilivunjwa. Kufikia hapo, serikali ilikuwa imeshafuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma, Juni 2013.

Tangu Oktoba 2024 tuko SHA. Aliyejiajiri alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo, usiopungua shilingi 3,600. Sasa mfikirie mama mboga wa Donholm. Pesa yake huingia kila siku na kutoka jioni hiyo hiyo: stoki, unga, fare. Kwa mwezi anaweza kuzipata 300. Kuzishika zote 3,600 mkononi siku moja ndiyo kazi.

Daktari yupo, dawa ipo. Yeye bado yuko foleni ya kwanza, ile isiyoonekana.