Programu za kuandikia katika Linux (Matema na Kyela)

Linux ni mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kwenye kompyuta za mezani na za mapajani watumiaji wake bado ni wachache, na Microsoft Word haina toleo la kusakinishwa humo. Mwandishi aliyeko Matema, wilayani Kyela, mwenye kompyuta ya Linux hubaki na programu huria, hasa LibreOffice Writer na AbiWord.

Njia hii si ngeni Tanzania. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Uswidi ya IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org yenye menyu za Kiswahili. Kutoka OpenOffice.org ndiko ilikochipuka LibreOffice mwaka 2010, nayo ina kamusi ya kukagulia tahajia ya Kiswahili. AbiWord ni nyepesi, yafaa kompyuta kuukuu, lakini majedwali ya faili za Word mara nyingi huyavuruga. Kwa ripoti au muhtasari wa kikao, Writer haina mshindani.

Kigezo kinachosahaulika ni herufi. Kiswahili hutosheka na irabu tano. Kinyakyusa, lugha ya Matema na Kyela, kina saba, na tahajia yake ya sasa huziandika mbili za ziada kwa ɨ na ʉ, ambazo kicharazio cha kawaida hakina. Katika Writer huandikwa U+0268, kisha hubonyezwa Alt na X kwa pamoja, na maandishi hayo hugeuka ɨ. U+0289 hutoa ʉ. Kwa barua fupi hiyo yatosha. Kwa kitabu cha hadithi inachosha mno, na ni heri kusakinisha kicharazio cha programu ya Keyman. Fonti nayo ikaguliwe: herufi kubwa Ʉ iliingia kwenye Unicode mwaka 2006 tu, hivyo fonti za zamani huweza kuonyesha kisanduku kitupu mahali pake. Charis SIL na Andika, zitolewazo bure, zinazo zote.

Mwisho kuna suala la kuchapisha. Kompyuta za steshenari kwa kawaida hutumia Windows na Word. Word hufungua faili za ODF, muundo wa Writer uliopitishwa na ISO mwaka 2006, ila mistari huweza kusogea na fonti isiyokuwepo hubadilishwa. Hati ya kuchapishwa tu ihifadhiwe kama PDF, ambayo hubeba fonti ndani yake. Itakayohaririwa na mwingine ihifadhiwe kama .docx, na faili ya fonti iwekwe pamoja nayo kwenye flashi.