Funguo Tatu za Sanduku Moja

Sanduku lenyewe ni la bati, rangi ya buluu, la aina ile wanafunzi wa bweni hubebea nguo. Kinachomfanya mgeni aliangalie mara mbili ni kufuli. Ziko tatu, zimejipanga upande wa mbele, na mama anayelilaza sanduku hilo chini ya kitanda chake hana hata ufunguo mmoja. Funguo wanazo wenzake watatu wanaokaa mitaa tofauti, kila mmoja kaufunga wake kwenye pindo la khanga. Mmoja asipofika kikaoni, hakuna kinachofunguliwa.

Nililikuta Mbagala, Dar es Salaam, Jumapili moja alasiri, chini ya mwembe nyuma ya nyumba ambayo haijaezekwa. Wanachama walikuwa 28, wote wanawake isipokuwa fundi cherehani mmoja waliyezoea kumtania kwa kumwita "wifi". Aliyechelewa alilipa faini ya shilingi 500 kabla hata salamu yake haijaitikiwa. Simu ya katibu ikaita katikati ya hesabu. Naye akalipa, tena akachekwa. Hisa zikanunuliwa, mihuri ikagongwa kwenye vitabu, kisha jumla ikatamkwa kwa sauti na wahesabu wawili kwa zamu, ili hata asiyejua kusoma arudi nyumbani akijua ni kiasi gani kimelala sandukuni.

Wenyewe wanakiita kikoba. Vikiwa vingi ni vikoba. Wataalamu waliokuja na jina hilo walikusudia kifupisho cha maneno ya kigeni, VICOBA, lakini Kiswahili kilikipokea kama kinavyompokea mgeni yeyote: kikakivua viatu, kikakikalisha mkekani. Mkoba tunaujua, kikoba tunakijua, na ndani yake huwekwa fedha. Ni wachache siku hizi wanaokumbuka kwamba hicho kilikuwa kifupisho.

Kabla ya kikoba kulikuwa na upatu. Neno hilo lina maana mbili: sahani ya shaba inayogongwa ngomani, na mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu. Sitadai kwamba moja imeizaa nyingine. Ila ngoma na fedha za wanawake wa mwambao zimekaa nyumba moja kwa muda mrefu. Vyama vya ngoma ya lelemama vilikuwa na viongozi, michango ya sare, michango ya harusi na ya msiba, na aibu kubwa kwa asiyechanga. Mwaka 1955, chama cha TANU kilipotaka wanawake wa Dar es Salaam, kilikwenda kwa vyama hivyo vya ngoma. Bibi Titi Mohamed alikuwa kiongozi wa kuimba katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alipita kwa viongozi wenzake wa ngoma, akapita na kwa wauza pombe, ambao walikuwa na fedha zao mkononi bila kuomba ruhusa ya mume, na katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameingia chamani. Susan Geiger, mwanahistoria aliyekaa na kina mama hao miaka ya baadaye na kuwahoji, alionyesha kwamba chama hakikuwafundisha kujipanga. Kiliwakuta wamejipanga.

Baada ya uhuru ikaja UWT, umoja wa wanawake, mwaka 1962, ikaja siasa ya Ujamaa, yakaja maduka ya vijiji na miradi ya pamoja ya kusaga na kushona. Kuna mengi ya kusema hapo, lakini mchezo wa kina mama haukuhusika sana na hayo. Uliendelea kimyakimya uani.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyoutoa uani. Mshahara ulipoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake ndani ya miaka kumi na kitu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa kufahamiana. Neno "mradi", ambalo awali lilikuwa la maofisa, likahamia jikoni: mke wa karani alikuwa na mradi wa barafu, mwalimu alikuwa na mradi wa maandazi, mke wa meneja alikuwa na mradi wa kuku nyuma ya nyumba ya shirika. Aili Mari Tripp, mtafiti aliyezunguka Manzese na Buguruni mwaka 1987 na 1988, alikuta familia nyingi zinalishwa zaidi na miradi ya wanawake kuliko na mshahara wa baba. Na mtaji wa miradi hiyo haukutoka benki. Benki ilitaka hati ya nyumba, na hati ilikuwa na jina la baba.

Mama yangu alikuwa kijumbe. Kwa asiyejua, kijumbe ndiye mtu anayepita kukusanya fedha za mchezo na kumpelekea mwenye zamu. Walikuwa wanawake kumi, shilingi 20 kila Jumamosi, na aliyefikiwa na zamu alipata shilingi 200 kwa mkupuo. Daftari lake, kaunta buku lenye jalada gumu jeusi, lilikaa juu ya kabati pamoja na Msahafu, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa hata kwa bahati mbaya. Hakuandika majina kamili. Aliandika "Mama Zai", "Jirani wa bomba", "Mrefu". Mwaka mmoja aliyepewa zamu ya kwanza alihama mji kabla ya mwezi kwisha. Hakuna aliyekwenda polisi. Mama aliuza cherehani yake, akazijaza zamu zote tisa zilizobaki hadi mwisho, kisha mwaka uliofuata akaombwa tena awe kijumbe. Nilipokuwa mdogo niliona ni uonevu. Sasa naona kwamba ile cherehani ndiyo iliyokuwa bima ya mchezo.

Vijana wa kiume hawakuwa na kijumbe. Kwa upande wao dola ilikuwa na jibu lake. Sheria ya nguvukazi ya mwaka 1983 ilimtaka kila mwenye uwezo wa kufanya kazi awe na kazi inayotambulika, na kijana aliyekutwa mjini akiuza karanga au sigara mojamoja alihesabiwa kuwa mzururaji. Walikamatwa, wakasombwa kwenye malori hadi vijijini, wakashushwa, na wengi wao walirudi mjini kabla ya lori. Miaka 35 baadaye sheria nyingine ingemtaka afisa wa halmashauri amtafute kijana huyohuyo ili ampe mkopo. Mtu akitaka kujua jinsi nchi hii ilivyobadili mawazo kuhusu biashara ndogo, aziweke sheria hizo mbili kwenye meza moja.

Sanduku la kufuli tatu halikuzaliwa Mbagala. Lilitoka mbali, Niger, kwa Wahausa wa Maradi, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake waliokuwa tayari na mchezo wao wa zamu, ndugu kabisa wa upatu wetu. Mradi uliitwa Mata Masu Dubara, kwa Kihausa wanawake wenye maarifa. Kilichofanyika pale ni kuurekebisha mchezo kidogo tu, na marekebisho hayo ndiyo yaliyoleta tofauti kubwa. Katika upatu, zamu yako hufika inapofika. Mtoto akiugua Machi na zamu yako ni Agosti, utajua mwenyewe. Tena kila mtu hutoa sawa, mwenye duka na mwenye meza ya nyanya. Njia ya Maradi iliruhusu kila mmoja anunue hisa kwa kadiri ya mfuko wake, fedha zikopeshwe kwa wanachama kwa riba waliyoipanga wenyewe, na mwisho wa mzunguko kila kitu kigawanywe, riba ikirudi kwa walewale walioilipa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia hiyo ilikuwa imefika Zanzibar, tena kwa kupitia msituni. Vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, makazi ya kima punju, vilikuwa vimezoea kukata kuni na kuchoma mkaa, na wahifadhi walijua kwamba kumwambia mtu aache mkaa bila kumwonyesha anachokula ni kupoteza maneno. Vikundi vya kuweka na kukopa vikaanzishwa hapo. Upande wa Bara, shirika la SEDIT likaieneza kwa sura ya VICOBA: kikundi cha watu hadi 30, ndani yake vikundi vidogo vya watano watano wanaodhaminiana, wiki za mwanzo za mafunzo na kununua hisa tu, na mfuko wa jamii wa kando kwa ugonjwa na misiba, usioguswa kwa biashara. Mfuko huo wa jamii, ukiniuliza mimi, ndio lelemama iliyorudi kwa mlango wa nyuma.

Serikali nayo haikukaa tu. Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake na ule wa vijana ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, halmashauri zikiagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nusu kwa wanawake na nusu kwa vijana. Nyingi zilitenga kwenye karatasi. Mwaka 2004 ikapitishwa sheria ya uwezeshaji wananchi kiuchumi. Baada ya uchaguzi wa 2005 yakaja "mabilioni ya JK", shilingi bilioni moja kwa kila mkoa wa Bara, na hapo ndipo wengi walipojifunza vibaya: fedha ilikuja na jina la Rais, ikaonekana ni shukrani ya kura, na nani hurudisha shukrani? Mwaka 2009 Benki ya Wanawake ilifungua milango Dar es Salaam. Mwaka 2018 iliunganishwa na benki ya TPB, na jina lake likaishia hapo.

Mwaka huohuo wa 2009 upatu ulichafuliwa jina. Kampuni ya DECI iliwakusanya watu kwa lugha ya kanisani, unapanda mbegu, unavuna, na waliovuna mwanzo walilipwa kwa fedha za waliopanda mwisho. Serikali ilipoifunga, foleni ya waliokuwa bado hawajavuna ilikuwa ndefu. Magazeti na sheria vikauita "upatu" mchezo ule, na kijumbe wa mtaani, ambaye hajawahi kumwahidi mtu hata senti moja zaidi ya alichochanga, akajikuta anatajwa pamoja na matapeli.

Mwaka 2018 ndipo mambo yalipowekwa kwenye sheria sawasawa. Ile asilimia 10 ikawa lazima, mgawanyo ukawa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka huo nayo ikaviweka vikundi kama cha Mbagala katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Kina mama walinung'unika kuhusu fomu, lakini walisajili. Tatizo likaja upande mwingine. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilirudia kutaja mikopo ya halmashauri isiyorejeshwa na vikundi visivyopatikana vilipotafutwa, na Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza bungeni kuisimamisha. Ilirejea mwaka 2024, baadhi ya halmashauri zikianza majaribio ya kuipitisha benki.

Katika mapengo kama hayo ndipo "kausha damu" ilipostawi: mkopo unaopewa asubuhi na kuanza kudaiwa kesho yake, kila siku, na ukikosa siku mbili wanakuja kuchukua jiko la gesi na godoro. Mama lishe mmoja wa Mbagala aliniambia alikopa huko mara moja tu. "Mwanangu, kule hukopi fedha, unakopa presha," alisema, kisha akaniongezea chai.

Kikundi chake hakijawahi kuchukua asilimia 10. Walijadili, wakapiga kura, wakakataa. Hoja ya mwenyekiti ilikuwa kwamba fedha ya halmashauri mtu hulala nayo vizuri akishindwa kuilipa, ya jirani yake hailaliki. Ni hoja kali kidogo. Nawajua wanawake waliofungua viwanda vidogo vya sabuni kwa mikopo hiyo na wakairudisha yote. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini fungu la vijana ndilo gumu zaidi. Kikoba hutaka watu wanaojuana nyumba. Kijana wa miaka 22 amepanga chumba, kesho yuko mtaa mwingine, keshokutwa yuko machimboni Geita. Kikundi cha vijana wa kuombea mkopo huundwa wiki ile tangazo linapobandikwa, na wajumbe hufahamiana kwenye foleni ya kupiga picha za pasipoti.

Nilirudi Mbagala Desemba, siku ya kuvunja kikoba. Kufuli mbili zilikuwa zimeshafunguliwa. Ya tatu ilikuwa imefungwa, watu 27 wameketi wakiitazama, wali wa sherehe unapoa sufuriani. Saa kumi na robo bodaboda ikaingia uani. Mwenye ufunguo alikuwa kliniki na mjukuu, na aliyemleta ni mwanawe wa mwisho, ambaye hakuondoka. Alizima pikipiki, akaegemea ukuta, akawa anangoja kuziona noti zikipangwa mkekani. Mama yake hakueleza chochote. Alitoa mia tano kwanza, ikaandikwa, ndipo akafungua pindo la khanga.