Deni la Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawakufika 20. Chama ambacho wengi wa wanachama wake walikuwa wakulima kilitoa nyumba yake ili watoto wa nchi wasome, na aliyekiongoza, Mwalimu Nyerere, mwenyewe alikuwa zao la Makerere. Historia ya chuo hiki, basi, inafunguliwa na wasiosoma wakiwakimu watakaosoma. Ndiyo maana nashikilia kwamba mchango wa mhitimu kwa chuo chake si hisani. Ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Mwalimu alilisema hilo waziwazi mwaka 1964, mwaka uleule chuo kilipohamia Mlimani, kilipo hadi sasa. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake kingine. Akila asirudi na kitu, ni msaliti. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu 400 walifukuzwa, naye Mwalimu, ili kuonyesha mfano, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa 20%. Wengi walirudishwa baadaye, lakini swali la siku ile, aliyesomeshwa anadaiwa nini, lingali hai.

Wapo watakaojibu kwamba wameshalipa: Bodi ya Mikopo hukata 15% ya mshahara, na kodi ipo palepale. Kwa kijana anayeanza kazi hoja hiyo ni nzito, na hastahili kubanwa zaidi. Lakini Bodi hudai mikopo iliyotolewa tangu Julai 1994. Waliosoma miaka ya 1970 walilipiwa na umma karo, chakula na malazi, na hakuna karatasi inayowadai. Kizazi hicho ndicho kilichotoa marais, majaji na maprofesa. Jakaya Kikwete, aliyehitimu 1975, alirudi mwaka 2016 kuwa Mkuu wa Chuo; heshima ya jina nayo ni mchango. Ila asiyefuatwa na Bodi ndiye dhamiri yake inapaswa kumfuata.

Wengine watasema kujenga chuo ni kazi ya serikali, nao wana ushahidi: Mabweni ya Magufuli, yaliyofunguliwa 2017, majengo 20 ya shilingi bilioni 10 kwa wanafunzi 3,840. Anayejua kubebana, wawili wakigawana kitanda kilichoandikwa jina la mmoja, hawezi kuyabeza. Rais aliyeyaagiza alikuwa mhitimu wa Mlimani, na cheo chake kilikifaa chuo. Hata hivyo fedha zilikuwa za umma. Mkulima amelipa tena, na deni la wasomi limekua. Serikali ikishajenga kuta, bado kuna kemikali za maabara, vitabu, na mwanafunzi ambaye bumu lake, yaani fedha ya kujikimu, limechelewa na hajala tangu jana.

Hofu ya mwisho ni kwamba mtoaji mkubwa atataka kukiamuru chuo. Ni hofu ya haki, na kinga yake ni wingi wa watoaji wadogo. Elfu kumi ya mwalimu wa Songea na milioni ya wakili wa Dar es Salaam ziandikwe daftari moja, hesabu zisomwe hadharani mbele ya baraza la wahitimu. Hapo hakuna atakayekinunua chuo, na msafiri wa kijiji chenye njaa atakuwa amerudi na mzigo.