Tetemeko halina mwenyewe, mtetemo unaye

Ukipanda matatu kutoka Ruiru kwenda Thika, neno la Kiingereza 'vibration' utalisikia mara nyingi kuliko unavyodhani. Abiria wa nyuma atamlalamikia utingo, "Punguza hiyo ngoma bana, kiti chote kinavibrate." Mwingine atamwomba radhi rafiki yake, "Sikuskia ukipiga, simu ilikuwa kwa vibration." Na mama anayeishi karibu na machimbo ya mawe atasema, "Nyumba yetu huvibrate wakilipua, hadi vikombe vinagongana." Hizo ni hali tatu tofauti, na zote zimebebeshwa neno moja la kuazima. Si kwamba wasemaji hawana Kiswahili. Kiswahili kinawapa maneno mengi, nao hawajui washike lipi.

Kwa mwenye simu hapotei mtu. Kwa mwenye nyumba, mambo ni mengine.

Mzee mmoja wa Ruiru alinionyesha nakala ya barua ambayo yeye na majirani walikuwa wamepeleka katika ofisi fulani, wakilalamikia baruti zinazolipuliwa machimboni na nyufa zilizotokea kutani. Kichwa cha barua kilisema: Malalamiko kuhusu Tetemeko la Ardhi. Karani aliyeipokea aliwauliza tetemeko hilo lilitokea tarehe gani na mbona halikutangazwa redioni. Wakacheka, lakini barua haikuenda mbele.

"Kwani mwalimu, vibration kwa Kiswahili si tetemeko?" mzee akaniuliza.

"Siyo, mzee wangu," nikamjibu. "Na tofauti yake inaweza kukugharimu nyumba."

Tuanzie kwenye mzizi. Kitenzi ni tetema, nacho kimezaa tetemeka na tetemesha. Mwanzoni kabisa kinachotetemeka ni mwili: mtu hutetemeka kwa baridi, kwa homa, kwa hofu. Kutoka mwilini neno likahamia ardhini. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua tetemeko la nchi, na Waswahili wa pwani wanalo pia zilizala, neno lenye asili ya Kiarabu lililo ndugu wa jina la sura ya 99 ya Kurani. Wagĩkũyũ, ambao ndio wenyeji wa Thika na Ruiru, wanatenganisha mambo haya katika lugha yao: kutetemeka kwa mwili ni kũinaina, na ardhi inapotikisika ni gĩthingithia. Kwa hiyo mzee wangu hakukosa fikra hiyo. Ilimpotea njiani alipovuka kutoka lugha moja hadi nyingine akipitia Kiingereza.

Tetemeko lina historia yake nchini. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa lilipiga Subukia na kupasua ardhi. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 watu wa Mombasa na Nairobi walitoka nje ya nyumba kwa sababu ya tetemeko lililoanzia baharini upande wa Tanzania. Katika matukio yote mawili hakuna aliyeuliza ni nani aliyefanya. Tetemeko halina mwenyewe. Huwezi kulishtaki.

Sasa tazama mitetemo iliyoingia Ruiru na Thika kwa mikono ya watu. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Reli hiyo, tukiwa bado katika habari za majina, iliitwa tramu kwenye makaratasi ili wakubwa wa London wasikunje uso kwa kuombwa fedha za tawi jingine la reli. Jina likabadilishwa, pesa zikatoka, na treni ikapita ikitikisa vichaka vilevile. Baadaye Thika ikajaa viwanda vya nguo, makopo na mananasi. Mfanyakazi wa cherehani kubwa za kiwandani huujua mtetemo kwa nyayo za miguu kabla ya kuusikia kwa masikio. Kisha ikaja barabara kuu ya Thika, iliyojengwa kuanzia 2009 hadi ikazinduliwa Novemba 2012, na mashine zake za kushindilia zilizopitisha mtetemo hadi ndani ya vyumba vya watu. Machimbo ya mawe nayo, pande za Ruiru, Juja na Ndarugu, yanaendelea kuijenga Nairobi.

Mwaka huohuo wa 2009 ndipo zilipotoka kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo iliyopita kiasi, chini ya sheria ya mazingira ya 1999 inayosimamiwa na NEMA. Zinakataza mtu kusababisha mtetemo unaozidi sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa eneo lake, au mita 30 kutoka kwa chombo kinachotembea. Angalia kipimo hicho. Hakiulizi nyumba imesogea umbali gani. Kinauliza ardhi inakwenda na kurudi kwa kasi gani. Ndiyo maana halisi ya mtetemo: kitu kwenda na kurudi upesi papo hapo kilipo.

Wanafunzi wa isimu wanaujua vizuri. Weka kidole kooni utamke z, kisha s. Katika z nyuzi za sauti zinatetema, ndiyo sababu twaiita ghuna. Katika s zimetulia. Ukitamka r ya Kiswahili, ncha ya ulimi ndiyo hupigapiga, nasi twaiita kimadende.

Maneno mengine yana kazi zake. Mtikisiko huonekana kwa macho, kama mti unapotikiswa, ingawa magazeti (letu pia) yamelichosha neno hili kwa mitikisiko ya uchumi na ya vyama. Mrindimo husikika na kuhisika pamoja: ngoma, radi, na hizo spika za matatu. Mvumo ni wa sikio tu. Kuhusu simu, sioni ubaya wa kusema iko kwenye mtetemo, japo vijana wangu wa Thika hunicheka.

Lakini faida kubwa ya mtetemo iko katika kitenzi chake. Tetemeko huletwa na kitenzi kama kutokea au kupiga, na mtendaji hayupo. Mtetemo una tetemesha karibu yake, na tetemesha haikubali kukaa bila mtu au kitu kinachotenda. Nani anatetemesha nini? Kanuni zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pia, kwa hivyo barua ya Kiswahili haipaswi kurudishwa kwa sababu ya lugha yake.

Tulibadilisha kichwa cha ile barua kikawa: Malalamiko kuhusu Mitetemo Inayopita Kiasi. Sentensi ya kwanza ikawa: "Baruti zinazolipuliwa katika machimbo yaliyo jirani nasi zinatetemesha nyumba zetu na kuzipasua kuta." Mzee akaisoma mara mbili, akauliza kama angeweza kuongeza tarehe na saa za kila mlipuko, kwani mkewe amekuwa akiziandika kwenye kalenda ya ukutani. Nikamwambia aziweke ukurasa wa kwanza.