Nani Alishika Mizani? Njia ya Pamba kutoka Malya hadi Mwanza

Malya leo inajulikana kwa chuo chake cha michezo. Vijana wanakimbia uwanjani asubuhi, na wachache wanajua kwamba mahali hapo palikuwa makao ya shirikisho la watemi wa Usukuma. Ni hapa pia ulipoendeshewa Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947. Maofisa wa kikoloni walikaa na ramani zao wakakokotoa maili moja ya mraba inabeba watu wangapi na ng'ombe wangapi. Ng'ombe walioonekana kuzidi walitakiwa wauzwe, na waliobaki wakalipiwa kodi. Mkulima akaamriwa alime kwa matuta, atie samadi, apande hivi na asipande vile.

Mwenye ng'ombe alikuwa na hesabu yake. Ng'ombe alikuwa mahari ya mwanawe, akiba ya mwaka wa njaa, maziwa ya watoto na samadi ya shamba. Mbele ya ofisa yote hayo yalikuwa namba moja tu, nayo imezidi.

Nimeanzia Malya kwa sababu reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928, inapita hapa, na pamba ya Kwimba ilishuka kuelekea Mwanza kwa njia hii. Nimeufuata mwelekeo huo hadi bandarini kwa kupitia Ngudu, Mabuki, Misungwi na Ukiriguru. Swali langu ni moja: mazao na mifugo ya Usukuma yana thamani gani, na ni nani aliyepewa kazi ya kuipima?

Kati ya Malya na Ngudu ardhi inajieleza yenyewe. Juu, karibu na majabali, kuna luseni, udongo wa kichanga unaolimika kirahisi. Chini kuna mbuga, udongo mweusi mzito unaonasa magurudumu wakati wa masika. Mkulima wa huku hugawa mazao yake kwa kufuata mteremko: viazi, mihogo na karanga juu, mpunga chini, pamba na nafaka katikati. Viazi vitamu hukatwa vipande na kuanikwa vikawa michembe, au huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa vikawa matobolwa. Chakula hicho kimevusha kaya nyingi miezi ya ukame. Mara nyingi hutoka shambani, kikapita juani, kikaingia ghalani na kuishia chunguni bila kupimwa na karani yeyote.

Kabla ya pamba, utajiri wa nchi hii ulipimwa kwa vitu vinavyoonekana. Wahunzi Warongo wa Uzinza, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, walifua majembe ya chuma yaliyouzwa mpaka Unyamwezi. Jembe lilibadilishwa kwa mbuzi au nafaka, na lilitolewa hata kama mahari. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ikapita Afrika Mashariki ikafagia mazizi. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1892, Wajerumani wakaweka kituo chao Mwanza.

Mwaka 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu. Meli za ziwani zikaanza kuifanya Mwanza mlango wa bidhaa zinazokwenda Mombasa na Ulaya: ngozi, karanga, mchele, na baadaye pamba. Pwani ya kusini ya ziwa haikuwa nchi ya masetla kama nyanda za juu za Kenya. Pamba ya hapa ilikua mikononi mwa wakulima wadogo, kaya kwa kaya, na kwa hiyo vita vya bei havikuwa kati ya kibarua na mwenye shamba. Vilipiganwa kwenye kituo cha kununulia.

Wakati wa Waingereza mkulima alifika kituoni akiwa na mzigo wake kichwani au juu ya punda. Mnunuzi, mara nyingi mfanyabiashara wa Kiasia aliyefungamana na kinu cha kuchambulia, ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyesoma uzito, na ndiye aliyesema pamba hii ni safi au ni fifi, yaani ya daraja la chini. Mkulima hakujua kusoma mshale, na hata aliyejua hakuwa na mizani nyingine ya kulinganishia. Ratili chache zilizopunjwa kwenye kila mzigo, zikizidishwa kwa maelfu ya mizigo, ziliwafanya watu matajiri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walipoanza kujikusanya, hawakuanza na hotuba za siasa. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe, ili mzigo upimwe kabla haujafika kwa mnunuzi. Kutoka kwenye upimaji huo ukakua ushirika. Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma, ambaye alikuwa mtendaji wa chama cha wafanyabiashara Waafrika pale Mwanza, alizunguka vijijini akiwahimiza wakulima waunde vyama vya msingi. Mwaka 1955 vyama vikuu vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Katika miaka hiyo TANU ilikuwa imekatazwa kufungua matawi huku, kuanzia 1954 hadi 1958, kwa hiyo mkutano wa pamba ulikuwa mahali pa kujifunzia kupiga kura, kukagua hesabu na kumuuliza kiongozi maswali. Kufikia mwisho wa muongo huo ushirika ulikuwa ukinunua pamba yote ya Jimbo la Ziwa na kumiliki vinu vyake. Ulihesabiwa kati ya mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika. Baada ya uhuru Bomani akawa Waziri wa Fedha.

Mabuki, kusini mwa Misungwi, lipo shamba la serikali la kuzalisha mifugo, nalo linakumbusha nusu ya pili ya hadithi. Fedha ya pamba haikukaa mfukoni. Mkulima alinunua ng'ombe, na baadhi ya ng'ombe wakafunzwa kukokota plau. Plau ikapanua shamba, na shamba pana likaleta pamba zaidi. Sehemu kubwa ya ongezeko la pamba la miaka ya 1950 ilitokana na eneo lililoongezwa kwa plau, si matuta yaliyoamriwa na maofisa. Ofisa aliyetaka pamba iongezeke na ng'ombe wapungue alikuwa akiipiga vita injini ya mafanikio yake mwenyewe. Amri hizo zikawa kati ya mambo yaliyowachosha watu, na mwaka 1958 hasira ya wananchi wa Geita dhidi ya utawala ikalipuka waziwazi.

Ukiriguru, karibu na njia panda ya Usagara, kituo cha utafiti kilichoanzishwa katika miaka ya 1930 bado kinafanya kazi. Mbegu za pamba zilizozalishwa hapa, zenye majina yanayoanza na UK, zimelimwa ukanda wote wa pamba wa magharibi. Lakini mbegu bora haimlindi mkulima na siasa. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini baada ya malalamiko ya wizi na uzembe, na shirikisho la Victoria halikudumu baada ya hapo. Nafasi yake ikachukuliwa na Ushirika wa Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na ununuzi ukapewa Mamlaka ya Pamba. Miaka ya 1980 vikarudishwa. Katikati ya miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa makampuni binafsi. Mwaka 2018 ununuzi ukaelekezwa tena kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS. Mizani ilipita mkononi mwa mfanyabiashara, ushirika, serikali, mfanyabiashara tena, na ushirika tena.

Ushindani wa soko huria ulileta ujanja mpya kwa pande zote. Wanunuzi walichezea mizani, na baadhi ya wakulima wakajibu kwa kumwagia pamba maji au kuichanganya na mchanga. Msimu wa 2005/06 nchi ilivuna zaidi ya tani 370,000 za pamba mbegu. Msimu uliofuata ukaanguka hadi tani 130,000 hivi. Mwezi Machi 2011 bei ya dunia ilipita dola 2 kwa ratili moja ya nyuzi, kisha ikaporomoka. Aliyelima akitegemea bei ya jana alivuna akalipwa bei ya leo.

Mjini Mwanza, zilipo ofisi kuu za Bodi ya Pamba, takwimu zinahitaji kusomwa kwa makini. Mwaka 2012 iliundwa mikoa ya Geita na Simiyu. Kasamwa, pale ushirika ulipomiliki mojawapo ya vinu vyake vya mwanzo, pakawa ndani ya mkoa mwingine. Nassa, yenye jina kubwa katika pamba, ikaingia Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Anayelinganisha mavuno ya Mwanza ya miaka ya 1960 na ya leo bila kutazama mipaka atadhani wakulima wamelala, kumbe ramani ndiyo iliyobadilika. Michembe na matobolwa, maziwa ya nyumbani, siku za kulimiwa na ng'ombe wa jirani na samadi havionekani vizuri katika hesabu hizo.

Kwenye pamba, walau, mkulima amepigania mizani kwa zaidi ya miaka 70, na sasa mizani ya kidijitali inaanza kufika kwenye AMCOS. Kwenye mnada wa ng'ombe vita hivyo havijaanza kwa dhati. Misungwi, kama ilivyo kwenye minada mingi ya kanda hii, dalali humtazama fahali, humshika nundu, hutaja bei, na mfugaji hujibu kwa jicho lake. Wafugaji wengi wanalipenda jicho hilo, kwa kuwa wanaijua mifugo yao kuliko chombo chochote. Lakini ng'ombe huyohuyo akipakiwa kwenye lori na kufika Dar es Salaam, nyama yake huuzwa kwa kilo. Anayenunua kwa jicho na kuuza kwa kilo anajua tofauti yake ni kiasi gani, aliyemfuga hajui. Fedha ya mfugaji inapotelea kwenye tofauti hiyo, kama ya mkulima wa pamba ilivyopotelea kituoni. Wazee wa pamba walianza na mizani ya pili, yao wenyewe, iliyotangulia ya mnunuzi. Mnada nao unaweza kuanzia hapo.